Chumvi ya Nyumbani

Jumatatu saa tatu asubuhi, baada ya chai, Kapteni aliitoa futi shingoni mwa mke wake, akapima chumba cha kushonea urefu na upana, akaandika vipimo kiganjani, kisha akamrudishia futi yake shingoni kama alivyoikuta. Mkewe alikuwa amekaa kwenye cherehani, mguu juu ya pedali, akishona kola ya shati la shule. Hakusimamisha mashine. Alidhani labda kuna pazia jipya linakuja.

Pazia halikuja. Jumanne ilikuja meza ya mbao nene, likaja jiliwa la kubania vyuma, pasi ya kulehemu, makopo ya gundi, na tangi la maji la plastiki lililokatwa kwa urefu likawa kama hori. Kapteni alikuwa amestaafu mwezi uliotangulia, baada ya miaka thelathini na moja ya kuendesha pampu za maji. Jina la Kapteni alipewa na wenzake wawili wa kikundi chao cha kuunda nyambizi ndogo, zile za urefu wa mkono mmoja, zinazozama na kuibuka kwa rimoti. Sharti la kwanza katika daftari la kikundi lilikuwa kila mwanachama awe na karakana nyumbani kwake. La pili lilisema karakana iwe na mwanga wa kutosha.

"Si kuna stoo?" mkewe aliuliza.

"Stoo haina dirisha, mama watoto. Zile waya ni nyembamba kama unywele. Nitaua macho."

Mwaka uliopita daktari wa macho alikuwa amemwambia mshonaji kwamba macho yake bado yanafaa kwa kazi, ila kazi ya mchana, penye jua. Chini ya taa yatamgomea. Kapteni alikuwepo, amekaa kiti cha pembeni, mkoba wa mkewe mapajani. Aliyasikia yote na njia nzima ya kurudi alimshika mkono. Hakuwa mtu mbaya. Vyombo aliosha bila kuambiwa. Tatizo lake lilikuwa moja tu: jambo likishamwingia kichwani, linajaa humo peke yake.

Cherehani ilihamia kwenye ujia, kati ya jiko na bafu, chini ya balbu moja. Kapteni aliibeba mwenyewe, taratibu, na kabla ya kuondoka akaitia mafuta.

"Hapa uko karibu na kila kitu," alisema.

Jumatano mshonaji alishona mfuko wa suruali ukaziba kabisa, hata kidole hakipiti. Alhamisi alikunja pindo la sketi upande wa nje. Sare zenyewe zilikuwa za bluu iliyoiva, na uzi bluu iliyoiva, na ujia nao haukuwa mbali na rangi hiyo. Uzi wa mashine ulipokaribia kuisha alifunga uzi mpya kwenye ncha ya ule wa zamani, akauvuta upite tunduni wenyewe. Ujanja huo aliujua tangu usichana. Lakini uzi ukikatika, basi, siku imekwisha. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kurudishiwa nguo. Wiki hiyo alirudishiwa tatu, na barua fupi ya heshima kutoka kwa mwalimu mkuu, ikimwuliza kama anaumwa. Ilimuuma barua ile kuliko kama angetukanwa.

Ijumaa Kapteni alijaza tangi maji ya bomba na kuzamisha nyambizi yake kwa mara ya kwanza. Ndani ya bodi aliweka kipande cha karatasi ya chooni, maana karatasi hiyo huumbua tundu lolote linalovuja. Nyambizi ilizama vizuri mno, kwa adabu, ikatua chini. Kupanda ikakataa. Alibonyeza rimoti mpaka kidole kikauma. Mwishowe alizamisha mkono hadi begani, akaitoa, akaifungua: karatasi kavu. Akajifuta mdomo kwa ule mkono uliolowa, akahisi chumvi.

Hapo alielewa. Mawimbi ya redio hayapenyi maji ya chumvi. Kila muunda nyambizi hujifunza hilo kabla hajanunua hata msasa. Alimwaga maji, akasuuza tangi, akajaza upya. Baada ya nusu saa yalikuwa chumvi tena.

Alimwita mkaguzi wa maji, mwenzake wa zamani kazini. Mkaguzi alipima maji ya bomba, akapima ya tangi, akatumia choo, na wakati wa kupita kwenye ujia ilibidi apite ubavu. "Samahani, mama," alimwambia mshonaji. Kisha akaandika kwenye fomu: *Maji ya bomba ni salama. Chumvi ni ya nyumbani.* Akagonga muhuri.

Jumamosi kikundi kilikutana. Mpima ardhi, aliyekuwa katibu, alisema kwake ni vilevile. Tangu alipomhamishia mama yake kwenye kochi la sebuleni ili chumba cha bibi kiwe karakana, hori lake linatoa chumvi mpaka linaacha ukoko mweupe kingoni. Wa tatu, daktari wa meno, maji yake hayakuwa na neno. Aliishi peke yake; karakana aliiweka chumbani kwake, na yeye akahamia kulala kwenye kiti cha wagonjwa. Alichovya kidole katika tangi la Kapteni, akaonja, akafikiri.

"Gramu tisa kwa lita," alisema. "Ni kama machozi."

"Kwa hiyo hata antena ndefu haitasaidia," alisema Kapteni kwa majonzi.

Kule kwenye ujia mshonaji aliyasikia hayo, akajipapasa chini ya macho. Pakavu kama kitambaa kilichotoka kwenye pasi. Hakuwa amelia. Alikuwa na mashati kumi na manane ya kumaliza.

Mpima ardhi, mtu wa utaratibu, alipendekeza waorodheshe kila kilichobadilika chumbani, wakirudishe kimoja kimoja. Wakatoa meza. Chumvi. Wakatoa jiliwa, gundi, pasi ya kulehemu. Chumvi. Kwenye orodha ukabaki mstari mmoja. Wakaenda kwenye ujia, wakaibeba cherehani, wakaiweka chini ya dirisha, miguu yake ikaingia sawia katika alama nne ilizoziacha sakafuni.

"Shemeji, kaa kama kawaida yako," alisema mpima ardhi, saa mkononi.

Alikaa. Jua la alasiri lilikuwa limejaa mezani mwa mashine mpaka nyuzi za kitambaa zilihesabika. Alilamba uzi, akaupitisha kwenye tundu mara ya kwanza, bila kubahatisha. Furaha ilimpanda ghafla hadi kooni, akakohoa. Akaanza kushona. Dakika ya tisa daktari wa meno alionja maji, akatikisa kichwa: hayana chumvi. Kapteni akabonyeza rimoti. Nyambizi ikapanda, ikazama, ikazunguka tangi mara tatu, ikaibuka karibu na vidole vyake. Wanaume watatu wakapiga makofi.

Mshonaji aliinua mguu kwenye pedali.

"Basi mmeshajua," alisema. "Iacheni hapahapa."

Kapteni aliangalia chumba. Aliangalia meza nene iliyosimamishwa ukutani, ikisubiri.

"Sasa tutageukia wapi?"

"Baba watoto, chumba ni changu. Ujiani sioni. Unajua sioni."

"Najua," alisema Kapteni, na alikuwa anajua kweli.

"Lakini si jibu lipo wazi?" aliuliza daktari wa meno.

"Lipo," alisema mpima ardhi, keshafungua daftari. "Shemeji, tumekuelewa kabisa." Akaandika kwa mwandiko wake wa ramani: *Cherehani iingizwe chumbani kila Jumamosi, saa tisa hadi saa kumi, wakati wa kuzamisha.* Chini yake akaongeza mstari wa kwake: mama yake atalazwa kitandani, katika chumba chake cha zamani, kila Jumapili, saa nane hadi saa tisa. Wote wakatia sahihi. Saa kumi kamili waliibeba cherehani kuirudisha kwenye ujia, na Kapteni akaitia mafuta.

Wamekwenda hivyo tangu hapo. Nyambizi ya Kapteni sasa ina mnara na taa mbili, na watu wa vikundi vingine huja kuitazama. Bibi wa sebuleni naye, Jumapili, hulala usingizi mzito wa saa nzima, mpaka mwanawe amwamshe. Siku zilizobaki maji ni chumvi, lakini hakuna anayeyajali, kwa kuwa nyambizi inakuwa kabatini.

Mshonaji hatumii tena saa ile kushona. Huja na kifuko cha sindano za mkono na kuzitunga uzi moja moja penye mwanga, arobaini na zaidi, akizichomeka kwenye kimto cha sindano kwa safu, ili zimfae vifungo na pindo za wiki nzima huko gizani. Wageni humsifu kwa wepesi wa mikono. Wiki nzuri sindano humfikisha Ijumaa. Wiki mbaya huishia Jumatano, na Alhamisi hukaa tu kwenye ujia, mikono mapajani, akisikiliza msasa chumbani kwake.

Ijumaa iliyopita ilibaki sindano moja, na uzi wa kutosha kifungo kimoja. Alikuwa anakishona kwa kupapasa pale Kapteni alipochungulia mlangoni, uso umechangamka, vumbi la rangi kwenye nyusi.

"Mama watoto, kesho usisahau. Bila wewe haipandi, unajua?"

"Sijasahau," alisema.

Kapteni akarudi kwenye mwanga, akafunga mlango. Mshonaji alipiga fundo, akapapasa mezani kutafuta mkasi, hakuuona, akakata uzi kwa meno.