Kura Mbili za Murunga

Murunga alikuwa mtu mwerevu. Kama huamini, ungemuuliza yeye mwenyewe. Kila siku akigonga mabati ya majiko kando ya reli pale Laini Saba, Kibera, aliwaeleza wapita njia jinsi nchi inavyoharibiwa na wapiga kura wajinga, watu wanaouza kura kwa pakiti ya unga. Unga hata yeye alikuwa amechukua, lakini hakuuza kitu. Yeye alikuwa amewachezea wanasiasa.

Ilikuwa hivi. Mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, Ndululu, mtu aliyetaka uwakilishi wa wadi huko Kawangware, aliona kura za kwao hazimtoshi. Akatuma lori Kibera lije kuazima watu. Atakayekwenda kujiandikisha Kawangware angepata unga na leso. Nani alilijaza lile lori? Murunga. Alipita mlango kwa mlango akiwatoa wenzake wa kikundi cha kusaidiana kwenye matanga, na aliyesita alipigiwa hesabu.

"Huku tumeshaandikwa. Tukiandikwa na kule, kila mtu ana kura mbili. Asubuhi tunapiga hapa, mchana kule. Matajiri ndio hufanya hivyo."

"Na ile wino ya kidole?" aliuliza Katunge, muuza maharagwe na mweka hazina wa kikundi.

"Mama Musembi, mimi ni fundi wa mabati. Niko na asidi inatoa kutu ya miaka. Itashindwa na wino?"

Wakapanda, watu kama arobaini, wakaimba mpaka Kawangware. Karani wa kule aliwauliza kama wanataka kuhamisha kura zao. Murunga akajibu kwa niaba ya wote kwamba wanataka chochote kinachotakikana.

Miezi michache baadaye, dada yake Sella akatangaza kwamba anawania uwakilishi wa wadi ya hapo nyumbani. Sella hakuwa na chama cha siasa wala helikopta. Alikuwa na kibanda cha makoti ya mitumba Soko la Toi, na hicho akakiuza apate mabango na spika. Hoja yake ilikuwa moja, mtaro. Mtaro wa Laini Saba ulikuwa umeziba, na mvua ikinyesha, maji machafu yaliingia karakana ya Murunga bila hodi na kuondoka na majiko. Mwakilishi aliyekuwepo, Boaz, alikuwa ameuahidi mtaro huo katika kila uchaguzi, na kila mara akapewa kiti kwa vigelegele. Ni mtu wetu, watu walisema, na kwenye matanga haji mikono mitupu.

"Nikianguka sina pa kurudi," Sella alimwambia kaka yake. "Toi nimeshatoka, Murunga."

"Uanguke na niko na watu arobaini? Lala usingizi."

Kampeni ilipopamba moto, watu wa reli walikaribia kushikana mashati juu ya urais, wakiwatetea wagombea ambao hawajawahi kukanyaga matope ya pale bila walinzi. Ukiuliza habari za mtaro, walikutazama kama mtu anayeuliza bei ya mbuzi katikati ya mahubiri.

Siku ya kura Murunga alikuwa mbele kabisa kwenye foleni, amevaa shati la Krismasi.

"Weka kidole, mzee," alisema karani. Mashine ikawaza kidogo, ikalia. "Wewe si wa hapa. Kura yako iko Kawangware."

"Hiyo naijua. Hiyo ni ile ingine. Mimi nataka ya hapa."

Karani alimtazama kwa huruma. "Mzee, kura ya mtu ni moja. Ulihamisha. Huku ulishatoka."

Nyuma yake foleni ilianza kutapika watu wake mmoja baada ya mwingine. Katunge alikuja amejishika kiuno.

"Baba Nelima, si unieleze tena ile hesabu ya matajiri?"

"Tutembee Kawangware."

"Kufanya? Dada yako ako Kawangware?"

"Na urais? Tuwaachie wale watu wajijazie?"

Hapo hakuna aliyebisha. Kwa mtaro wasingevuka barabara, lakini kwa urais walitembea. Walipopita Toi, kibanda cha Sella kilikuwa na rangi mpya na kufuli ya mtu mwingine. Murunga alitazama upande wa pili, akakohoa.

Kawangware alipewa karatasi sita. Ile ya wadi ilimpa shida, kwa kuwa hakuwa anamjua hata mmoja. Akamchagua Ndululu, maana angalau unga wake haukuwa na wadudu. Kidole kikachovywa wino. Ile chupa ya asidi ilikuwa mfukoni, nzima, haijafunguliwa.

Matokeo yalipotoka, Ndululu alishinda kwa kura chache. Sella alishindwa na Boaz kwa kura chache. Katika wadi zote mbili, tofauti ya kura haikujaza lori moja.

Sella, ambaye hakuwa na habari ya lile lori, alikuja karakana na birika la chai kuwashukuru waliosimama naye. Kila aliyepokea kikombe alinyoosha kidole chenye wino, akaapa kwamba kura yake alimpa Sella. Vidole vikaongezeka. Sella akaacha kumimina.

"Ngojeni. Hivi vidole vyote ni vyangu, na nimeanguka na kura kidogo hivyo? Mlipigia wapi?"

Watu wakaanza kuipuliza chai iliyokuwa imeshapoa.

"Kawangware," alisema Katunge. "Muulize kaka yako. Alitupatia mbili mbili."

Sella akaweka birika chini, akashusha majiko kutoka ukuta mmoja, akapiga misumari.

"Unafanya nini?" aliuliza Murunga.

"Nahamisha. Makoti yaliyobaki nitauzia hapa mpaka uchaguzi ujao. Wewe banana huko."

Murunga akabanana. Tangu siku hiyo, kila asubuhi Sella alimsalimia vilevile: "Niaje, mtu wa Kawangware?"

Mvua za Oktoba zilipokuja, Boaz alikuwa bado anaahidi. Maji yaliingia, na ndugu hao wawili wakapanda juu ya benchi moja, huyu amekumbatia makoti, yule majiko. Simu ya Murunga ikalia. Mikono yake ilikuwa imejaa, kwa hiyo Sella akamsomea, kwa sauti, ili hata jirani asikose:

"Ndugu mpiga kura wangu, asante kwa kuniamini. Mtaro wako umekamilika. Karibu uuone. Ni mimi mtumishi wako, Ndululu, Kawangware."