Neno Moja Kuhusu Pichi

Jumatatu, tarehe tisa Machi. Asubuhi kulikuwa na ukungu mwepesi, na upepo haukuwa na nguvu hata ya kugeuza jani. Nilikuwa uwanjani tangu mapema nikivuta rola ya kusawazisha udongo, ingawa hakukuwa na mechi. Mikono ilitaka kazi. Saa nne kamati ya klabu yetu ya kriketi ilikuwa inakutana kumvua shemeji yangu unahodha.

Watu wote wanamwita Nanga, kwa sababu akishaingia kupiga hang'oki. Ni kaka wa mke wangu. Amekuwa nahodha miaka tisa, na kwa miaka hiyo yote hakuna timu iliyotushinda mfululizo wa mechi katika uwanja wetu. Jumamosi tukashindwa. Mechi tano, wao tatu, sisi mbili, na ile ya mwisho waliipata wakiwa wamebakiwa na wiketi moja tu, yaani akitolewa mpigaji mmoja wamekwisha. Mpigaji wao wa mwisho, anayeshika gongo kama mtu anayefukuza kuku, aliugusa mpira kwa bahati, ukapenya katikati ya watu wetu hadi mpakani mwa uwanja.

Mjini lilizungumzwa kosa moja. Nanga alishinda kura ya sarafu akachagua kupiga kwanza, kumbe pichi, ule ukanda wa katikati unapodunda mpira, ilikuwa na unyevu. Ndani ya saa moja wapigaji wetu wanne walikuwa wameshatolewa na kurudi kukaa. Mchana jua likaikausha, wageni wakapiga kwa raha zao. Watu wakasema kazeeka, macho hayaoni tena hata udongo.

Ukweli niliujua mimi. Mimi ndiye mtunza uwanja. Siku ya mechi turubai linaloifunika pichi usiku linatakiwa litolewe alfajiri ili pichi ipumue. Asubuhi ile niliingia banda la rola, nikapiga magoti kuiombea timu, na maombi yakanoga. Nilipotoka jua lilikuwa limepanda, na turubai bado limelala pale pale. Nikalivuta haraka haraka. Shemeji alinikuta nahema, akauliza pichi ikoje. Nikamjibu kwamba ni kavu. Sikuwa nimeigusa.

Tangu hapo chakula hakipiti. Mke wangu alidhani nina homa. Jana nilimwambia. Alimaliza kukunja nguo, kisha akasema kaka yake hajamtaja mtu yeyote, hata nyumbani, na kwamba mimi nisisubiri atajwe mtu.

Chumba cha kamati ni kidogo. Vikombe vya ushindi vimejaa kabatini hadi vingine vimewekwa sakafuni, na ukipita unavigonga kwa mguu. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mfamasia asiyependa maneno mengi, alisoma ajenda. Katibu akasema zamani wageni wakifika hapa walikuwa wanaulizia choo kabla hawajashusha mabegi. Msimu ujao watakuja wanapiga mluzi. Watu wakacheka kidogo, cheko la wenye hofu. Alitaka wakongwe wanne waachwe, wa kwanza Nanga.

Mwenyekiti akamuuliza Nanga kwa nini alichagua kupiga. Akasema aliona inafaa. Akaulizwa kama kuna mtu aliyemshauri. Akasema uamuzi ulikuwa wake. Alikuwa anatazama meza, hakunitazama mimi.

Mimi nilisimama mlangoni. Nikaomba moyoni, safari hii kwa kifupi.

"Mwenyekiti," nikasema, "nahodha aliniuliza mimi. Nilimwambia pichi ni kavu, na sikuwa nimeigusa."

Nikaeleza yote, na banda, na magoti, na turubai. Nilipomaliza, katibu alishusha pumzi. "Kumbe tumefungwa na sala."

Hakuna aliyecheka.

Nanga akainua macho kutoka mezani. "Shemeji, ungekaa kimya tu. Kuinama kuigusa kungenichukua nusu dakika. Sikuinama."

Walibishana karibu saa nzima. Mwishowe mwenyekiti akasema wakongwe wanabaki, na Nanga ataongoza mechi tatu za kwanza za msimu ujao, kisha watakaa tena. Sikusikia nafuu niliyoitarajia. Mechi tatu ni chache. Wakongwe wetu watakuwa wameongeza mwaka mwingine magotini, na timu zote sasa zinajua kwamba tunashindika. Nanga mwenyewe alikuwa anakanda goti lake chini ya meza.

Mwenyekiti akanigeukia. Akauliza hawa wote waliokaa hapa nawaambia nini.

Nikavua kofia. Watu saba walikuwa wananitazama, na shemeji yangu wa nane.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu," nikasema. "Siku ya mechi nitatoa turubai kwanza, ndipo niombe. Na sitamwambia nahodha yeyote neno juu ya pichi kabla sijaigusa kwa mkono wangu, naye kwa wake. Nikivunja hili, funguo za banda nitazileta mwenyewe juu ya meza hii, bila kuitwa."