Amina ya Mlangoni

Losaline hakupikia tui la kopo. Kila mtu kisiwani 'Eua alilijua hilo, na asiyelijua aliambiwa na Losaline mwenyewe. Tui la kopo, alisema, ni la watu waliokata tamaa. Nazi zake zilitoka kwenye minazi ya nyuma ya nyumba, zikakunwa Jumapili alfajiri na kukamuliwa kwa nyuzi za makumbi, na asiyependa kuamka alfajiri basi ale mkate mkavu. Majani ya majimbi aliyachuma machanga, kabla hayajaanza kuwasha ulimi. Hata utamu wa vitobosha vyake vya shelisheli ulitoka kwenye miwa aliyoikamua kwa mikono yake. Mungu hakuumba kiwanda, alipenda kusema.

Jumapili hiyo ya mwezi wa nane alipika kuliko kawaida yake, kwa sababu wifi yake Seluvaia alikuwa amekuja kutoka mji mkuu, Nuku'alofa. Seluvaia ni dada mkubwa wa Semisi, mume wa Losaline, na kwetu Tonga dada wa mume si mgeni wa kupewa kikombe cha chai akaondoka. Shangazi ndiye mwenye kauli juu ya watoto wote wa kaka yake. Yeye hukalia mkeka mzuri, yeye hutangulia kula, na akimtamani nguruwe wa kaka yake, nguruwe atafungwa kamba na kupakiwa melini. Semisi alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na sita, mhubiri wa zamu kanisani, lakini tangu alipobaleghe hakuwahi kuketi chumba kimoja na dada yake. Heshima ya kaka na dada ndivyo ilivyo. Dada akiwa ndani, yeye huwa barazani, na wakiwa na neno humtuma mtu.

Seluvaia hakujaliwa mtoto. Losaline alikuwa na watatu, ila wavulana wawili wa kwanza walikuwa New Zealand wakichuma matunda ya watu, kwa hiyo nyumbani alibaki Siale peke yake, binti wa miaka tisa mwenye meno ya mbele makubwa na maswali mengi.

Jumamosi wanawake wa kanisani walikuja kusaidia kumenya na kufunga. Vika, rafiki wa Losaline tangu shule ya Jumapili, alikuwa akifuta macho kila mara.

"Una nini wewe?" Losaline akamuuliza.

"Moshi."

"Moshi gani, na moto tutauwasha kesho?"

"Basi ni vitunguu."

"Vitunguu vinakatwa kule na mwenzio. Wewe unamenya kiazi kikuu. Kiazi kikuu kimeanza lini kuliza watu?"

Wanawake wakacheka, ila kicheko chenyewe kilikatika mapema mno. Losaline alidhani Vika amegombana tena na mumewe, akamwonea huruma, akampa kipande kikubwa cha shelisheli apeleke nyumbani.

Jumapili alfajiri shimo la kupikia liliwashwa, mawe yakapata moto, mafungu ya majani ya majimbi yenye nyama na tui yakapangwa juu yake, yakafunikwa kwa majani ya migomba na udongo. Watu wakafunga viunoni mikeka yao ya heshima, wakaenda kumwabudu Mungu huku chakula kikijipikia chini ya ardhi. Kanisani Losaline aliitikia mahubiri kama kawaida yake. Katika kanisa letu anayehubiri au kuomba haachwi peke yake. Walioketi humtia nguvu kwa "asante" na "amina", na sauti ya Losaline ndiyo iliyokuwa ikitangulia siku zote. Mchungaji Fonua aliwahi kusema kwamba Losaline akiugua, ibada nzima hushikwa na mafua.

Walirudi, shimo likafunuliwa, chakula kikaingizwa ndani. Mchungaji na wazee waliketi kwa safu, Seluvaia mbele kabisa kwenye mkeka wake. Losaline alikuwa bado jikoni. Tui lenye maji ya miwa, la kumwagia vitobosha, lilikuwa linakaribia kugeuka rangi, na tui likifika hapo mpishi hathubutu hata kupepesa. Alipoliepua, alisikia mchungaji ameshaanza kuomba. Akaja na sufuria yake mpaka mlangoni, akainamisha kichwa, akili yote ikiwa ndani ya sufuria.

"Bwana, tunakushukuru kwa mikono iliyoandaa chakula hiki," mchungaji aliomba.

"Asante," akaitikia Losaline.

"Tunakushukuru kwa upendo wa kaka kwa dada yake."

"Asante, Bwana."

"Na kwa binti huyu, Siale, ambaye leo baba yake na mama yake wanampa shangazi yake amchukue, amlee, awe mwanawe tangu sasa na siku zote."

"Amina," alisema Losaline, kwa sauti ile ile iliyozoea kutangulia, na nyumba nzima ikafuata, amina, amina.

Ndipo maneno yalipomfikia. Akafumbua macho. Siale alikuwa ameketi kwenye mkeka wa shangazi, mahali ambapo mtoto hakai, amefungwa kiunoni mkeka mpya ambao Losaline hakuufuma. Semisi alikuwa barazani, mgongo tu ukionekana. Losaline alimtazama Vika, Vika akatazama sahani. Akawatazama wanawake wengine mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na kitu cha kutazama chini. Wote walijua. Jana walikaa jikoni kwake wakifunga chakula cha kumuaga mwanawe, naye akiwahimiza wafunge vizuri.

Alimwaga tui juu ya vitobosha, kwa sababu sufuria ilikuwa mkononi na hakujua la kufanya nayo. Wageni wakala, wakasifu. Aliumia kwa kila sifa.

Wageni walipoanza kujinyoosha kwa shibe, alimfuata Semisi shimoni, alikokwenda kujifanya anafukia mawe.

"Tangu lini?"

"Mama Siale, watu bado wapo."

"Watu walikuwa wanajua. Mimi ndiye niliyekuwa sipo. Tangu lini?"

"Mwezi wa tano. Dada alimtuma mchungaji aje aniombe."

"Na mchungaji hakuuliza mimi nasemaje?"

Semisi akatupa udongo mara mbili kabla ya kujibu. "Aliuliza. Nikamwambia umekubali."

"Nilikubali wapi? Usingizini?"

"Nilikuogopa," alisema Semisi, na angalau hilo lilikuwa kweli. "Ungesema hapana. Nani humkatalia dada yake? Hiyo hapana yako ningeipeleka wapi mimi?"

"Ungeniachia mwenyewe niibebe."

"Sasa tutafanyaje, umeshaitikia. Mbele ya mchungaji na wazee. Tena sauti yako ndiyo iliyotangulia."

Miaka ishirini na minne Losaline amelala ubavuni mwa mtu huyu, amemkandia miguu, amemsikiliza akijifunza mahubiri usiku mpaka yeye mkewe akayajua kumzidi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakutuambia kwamba chengine huomba baraka ya chakula kwanza ndipo kikule. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba Semisi alikuwa ametumia imani yake, ile amina yake, kumfunga kamba kama nguruwe wa shangazi.

Alikwenda kwa mchungaji, ambaye alikuwa ameegemea nguzo ya baraza.

"Mchungaji, mimi sikuambiwa neno. Nimesikia leo, kwenye maombi yako."

Mchungaji Fonua akaketi wima. Rangi ya shibe ikamtoka. "Mama, mumeo alinipa neno lake. Nisimwamini mhubiri wangu mwenyewe?"

"Ungeniuliza na mimi. Nyumba yako na hii ni hatua hamsini."

"Ni kweli," alisema mchungaji. "Lakini amina imeshasemwa, mama. Maji yakimwagika hayazoleki." Ila alisema hivyo kwa sauti ndogo, wala hakumtazama.

Ikabaki kumwendea Seluvaia, na huyo ndiye Losaline alimwogopa. Alimkuta ndani, kwenye mkeka wake, anajipepea. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mwalimu mstaafu, aliyezoea watu wainuke akipita. Losaline akapiga magoti mbali kidogo kama inavyopasa.

"Wifi, sina adabu ya kutosha kwa neno hili, kwa hiyo nitalisema hivi hivi. Mimi sijakupa Siale. Sikuambiwa. Nimeitikia kwa mazoea, kama kasuku."

Seluvaia akaweka upepeo chini.

"Nililetewa neno kwamba umekubali," alisema. "Nikashangaa. Nikajiuliza, Losaline huyu ninayemjua mimi? Ila sikuuliza mara ya pili. Mtu anayetaka kitu sana hachunguzi." Akageuza kichwa kuelekea ukutani, upande wa baraza, akapaza sauti. "Semisi. Ni kweli?"

Barazani kimya. Kuku wakasikika, na mtu akikohoa mbali.

"Basi nimeshajibiwa," Seluvaia akasema. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakuyafuta. "Nimetandika kitanda chake, wifi. Nimewaambia hata majirani. Lakini siwezi kumlea mtoto wa kuibiwa. Haki ya shangazi ninayo, na leo naiweka chini. Ukisema aje, atakuja. Ukisema abaki, kesho nitapanda meli kama nilivyoshuka."

Hapo Losaline angeweza kujibu na mambo yakaisha. Lakini hasira ilikuwa haijamtoka.

"Sitasema ndiyo wala hapana mpaka niulizwe," alisema. "Na aniulize aliyepaswa kuniuliza."

Semisi aliingia. Aliingia kwa magoti, macho sakafuni, akaketi karibu na mlango, ndani ya chumba alimo dada yake, jambo ambalo hakulifanya tangu utoto. Jasho lilikuwa likimtiririka kwenye mashavu.

"Mama Siale," alisema. "Dada yangu anamwomba Siale. Wewe unasemaje?"

Kabla hajajibu, pazia la chumba cha ndani likasogea. Siale akatoka na begi lake. Lilikuwa limejaa na zipu imefungwa, la mtu aliyepanga nguo zake siku nyingi.

"Mama, sema ndiyo."

Losaline alimtazama kana kwamba ni mtoto wa jirani. "Wewe ulijua?"

"Baba aliniambia mwezi wa tano. Shangazi ana kinanda. Amesema atanifundisha, na nitaimba kwenye kwaya yao."

"Kwa nini hukuniambia?"

Siale akavuta mkanda wa begi. "Nilikuogopa. Ungesema hapana."

Maneno yale yale ya baba yake. Tangu mwezi wa tano mtoto huyu alipiga magoti pembeni yake kila jioni wakati wa sala ya nyumbani, akamwombea nguruwe mgonjwa, akawaombea kaka zake, akaomba mvua, na kila sala aliipitisha kando ya jambo hili kwa uangalifu wa mtu mzima. Kwa Semisi Losaline alikasirika. Kwa huyu alivunjika. Alijiona alivyo machoni pa watu wake: mlango uliofungwa, ambao wote walikubaliana kuuzunguka kimyakimya kupitia dirishani.

Na kwa kuwa walimtarajia aseme hapana, alitamani kuwaaibisha kwa kusema ndiyo. Alijaribu. Neno halikuja.

"Hapana," alisema. "Siwezi kuambiwa leo na kutoa leo. Hapana."

Siale hakupiga kelele. Aliburuta begi lake akarudi nyuma ya pazia, na baadaye wakamsikia akilia, uso umezibwa na kitu. Seluvaia alinyanyuka kwa shida, akamwomba mchungaji amkaribishe kulala nyumbani kwake. Mlangoni alimshika Losaline bega, akalibonyeza kidogo, akapita.

Jumatatu meli iliondoka bandari ya 'Ohonua na Seluvaia peke yake. Vika alileta ndizi mbivu, akasimama nje ya ua akingoja kukaribishwa. Losaline alimwona vizuri sana, akaendelea kufagia.

Siale alikaa ngazi za nyuma tangu asubuhi. Alipoitwa kula hakuitika. Losaline akampelekea chakula pale pale, fungu moja la jana lililopashwa moto, akaketi ngazi ya chini yake. Walikaa hivyo mpaka nzi wakaanza kuikaribia sahani.

"Mama," alisema Siale, bila kumtazama. "Kama wangekuuliza mwezi wa tano, ungekubali?"

Jibu la kujitetea lilikuwepo tayari, na mtoto angelipokea. Lakini Losaline alikuwa amechoshwa na uongo uliofichwa ndani ya upendo. Akafikiria kinanda. Akafikiria kitanda kilichotandikwa Nuku'alofa, na miezi mitatu ambayo angeweza kulia, kugomba, kwenda kukiona kitanda chenyewe, kuzoea.

"Ningekataa mwezi wa tano," alisema. "Mwezi wa sita ningelia. Huu wa nane, nadhani ningekupeleka mwenyewe."

Kule shimoni Semisi alikuwa akikusanya mawe ya jana, akiyapanga polepole ili asipate sababu ya kuja nyumbani. Siale akainua kichwa, akamtazama baba yake muda mrefu, asipepese, mpaka Semisi akahisi anatazamwa, akageuka, na hakuweza kuyahimili macho yale.