Rangi Mbichi

Injini ililetwa chumba cha rangi cha karakana Jumatatu saa mbili asubuhi, imefungwa kwenye stendi ya chuma yenye magurudumu manne, moja likilia. Mama Rangi aliizunguka mara mbili kabla ya kuvaa aproni. Mafuta yaliyoganda yalikuwa yameijaa hadi kwenye pembe, yamechanganyika na vumbi la miaka saba, na upande wa chini alikuta kiota cha panya kilichotengenezwa kwa nyuzi za kiti. Alikitoa kwa bisibisi, akakiweka dirishani, akaanza kazi.

Ilikuwa injini ya lori la kwanza la Tajiri. Kampuni nzima na magari yake sitini ilianzia kwenye lori hilo, na sasa kampuni ilikuwa inatimiza miaka arobaini. Tajiri alitaka lori lisimame mbele ya wageni Jumamosi ya wiki iliyofuata, boneti wazi, injini iking'aa kijani kama ilivyotoka kiwandani. Alisema anataka mtu ajione sura humo. Hakusema kingine kuhusu injini hiyo, ingawa cha kusema kilikuwepo.

Injini hiyo ndiyo iliyomuua mume wa Mama Rangi. Alikuwa fundi wa karakana hiyo hiyo, na wenzake walimwita Nusu, kwa kuwa kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kilikatwa na feni tangu ujana, kikaishia katikati. Miaka saba iliyopita walikuwa wanaitoa injini kwa winchi ya mnyororo. Ndoano ya winchi ilikuwa na ufa. Nusu alikuwa ameshausema ufa huo mara tatu, na mara ya tatu Tajiri alimjibu mbele ya watu, "Bora punda afe, mzigo ufike." Ndoano ilifunguka injini ikiwa hewani. Nusu aliisukuma kwa kiganja kimoja, kama mtu anayezuia mlango usifungwe. Punda alikufa, na mzigo ukafika chini bila hata kupasuka.

Ripoti iliandikwa siku ya pili. Ilisema fundi alikuwa amelewa. Nusu hakuwahi kunywa kitu kikali kuliko chai kavu, na hata hiyo alilalamika ikikolea. Aliyesaini kama shahidi ni mdogo wake mwenyewe, fundi injini wa karakana, ambaye Mama Rangi aliendelea kumwita shemeji kwa sababu lugha haikumpa neno jingine.

Kisha Tajiri akaagiza picha ya Nusu ikuzwe, itiwe kioo na itundikwe juu ya sinki la kunawia mikono. Chini yake kuliandikwa kwa herufi nyekundu: HUYU ALIKUJA KAZINI AMELEWA. USIWE KAMA YEYE. Kwa miaka saba Mama Rangi alinawa mikono kila jioni chini ya mumewe. Siku moja binti yao alimletea ufunguo wa nyumba. Alikuwa ndiyo kwanza amejua kusoma, na alisoma kila kilichoandikwa popote, kwa sauti. Alikisoma na hicho, polepole, hadi mwisho. Hakukanyaga tena karakana.

Mama Rangi alitaka jambo moja tu: Tajiri aseme mbele ya mafundi kwamba Nusu hakulewa, na picha ishushwe. Alishaomba mara nne kwa adabu zote. Na tuseme wazi, alimchukia Tajiri. Chuki yake aliitunza kama alivyotunza brashi zake: aliisafisha kila jioni na kuitundika pakavu, isiharibike kabla ya kazi yake kufika.

Jumatatu hiyo na Jumanne aliisugua injini kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni na maji ya moto, kisha kwa brashi ya waya hadi chuma kikaonyesha rangi yake ya kijivu. Jumatano aliziba matundu yote kwa vitambaa, akafunika kwa karatasi ya gundi sehemu zisizotakiwa kupakwa, akapiga msasa, akaipangusa injini nzima kwa tina, maji makali ya kuyeyushia rangi na mafuta. Kuanzia hapo alivaa glovu. Chuma kikishapanguswa kwa tina hakishikwi kwa mkono mtupu. Jasho la kiganja hulioni, lakini rangi hulijua. Ukipaka juu yake, kesho rangi inainuka na kubanduka papo hapo. Mama Rangi alikuwa amewafukuza watu wengi chumbani kwa kosa hilo. Na baada ya kupaka, yeyote aliyeingia alimwambia neno moja kabla ya salamu: "Rangi mbichi." Alilisema hata mlango ulipofunguliwa na upepo.

Alipuliza praima, rangi ya msingi inayotangulia, akafunga mlango, akaondoka na ufunguo.

Alhamisi asubuhi praima ilikuwa imeinuka ubavuni mwa injini. Ilikuwa imeinuka kwa umbo la kiganja cha kulia, gumba na vidole vitatu vizima na kimoja kilichoishia katikati. Mama Rangi alikitazama kwa muda wa kutosha kukoroga sukari kwenye kikombe. Kisha akakipiga msasa, akapangusa, akapuliza upya. Kazi ni kazi.

Ijumaa kiganja kilikuwa palepale. Shemeji aliingia kuazima spana namba kumi na saba, akasimama.

"Hicho kiganja cha kaka," alisema.

"Ndicho."

"Bado anasukuma."

"Bado."

Shemeji alichukua spana. Alipofika mlangoni aligeuka nusu. "Mimi nilikuwa na watoto watatu, shemeji. Ningekwenda wapi?"

"Na mimi nilikuwa na mume," alisema Mama Rangi. "Funga mlango, vumbi linaingia."

Jumatatu, baada ya msasa wa mara ya tatu, kiganja kilirudi kikiwa na joto. Mama Rangi alivua glovu, jambo ambalo hakuwa amelifanya katika miaka ishirini ya kazi, akaweka mkono wake juu yake. Akamweleza Nusu habari za nyumbani: bati la jikoni linavuja, binti amefaulu hesabu lakini ana mdomo kama wa shangazi yake, suruali za Nusu mwenyewe amezigawa isipokuwa moja. Alipomaliza alivaa glovu, akachanganya rangi ya kijani, akaipuliza injini mikono miwili, tabaka juu ya tabaka, bila kupiga msasa tena. Ilipendeza. Kiganja kilikaa ubavuni, kimeinuka kidogo, kama chapa ya kiwanda.

Jumanne asubuhi alipuliza mkono wa mwisho. Hakuwa hata ameiosha bunduki ya rangi Tajiri alipoingia.

Tajiri alikuwa mtu wa kugusagusa. Kila alichokimiliki alikipigapiga kwa kiganja, gari, meza, bega la karani, kama mfugaji anayekagua ng'ombe wake sokoni. Aliizunguka injini akitikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka akafika kwenye ubavu wenye kiganja.

"Huu mkono wa nani?"

"Wa mtu aliyeishika injini hii zamani," alisema Mama Rangi.

Tajiri alicheka. "Basi ni wangu. Nani mwingine aliyeishika kabla yangu? Lori hili nimelijenga kwa mikono hii." Akavua saa, akaitia mfukoni, akanyoosha mkono wa kulia ili apime.

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa Mama Rangi, limekaa pale lilipokaa miaka ishirini. Alilimeza. Lilishuka vizuri.

Kiganja cha Tajiri kilitua juu ya kile kingine, vidole juu ya vidole, na kidole chake cha shahada kikakizidi kile kilichoishia katikati. Alisema hakimtoshi sawasawa. Alipotaka kuutoa mkono, haukutoka.

Walijaribu tina, sabuni, grisi na maji ya moto. Daktari aliitwa, akapima mapigo kwenye kiwiko, akasema damu inapita vizuri na mgonjwa apunguze chumvi. Shemeji alijaribu kuingiza bisibisi bapa chini ya kidole gumba, lakini alifanya hivyo akiwa ametazama pembeni, na haikuingia. Mama Rangi aliosha bunduki yake ya rangi, akaifuta, akairudisha kwenye sanduku.

Sherehe haikuweza kuahirishwa kwa sababu ya mkono. Siku ya Alhamisi injini ilipaswa kurudishwa kwenye lori, na Tajiri ilibidi arudi nayo, apande ngazi taratibu sambamba na injini, mkono wake ukiwa chini ya winchi. Kabla hawajaanza alitazama juu, kwenye ndoano. Ilikuwa ile ile, imefungwa waya.

"Hii ndoano ina ufa," alisema.

"Ndiyo, tajiri," alisema Shemeji.

Ndoano mpya ilifika kabla chai haijapoa. Ilitundikwa, ikajaribiwa kwa mzigo mara mbili, na mafundi wote wakaitazama. Kisha wakatazama sakafu. Mama Rangi alitoka nje, akasimama karibu na matairi ya zamani, akalia kwa hasira hadi akatosheka. Miaka saba, kumbe ni mwendo wa kikombe cha chai.

Jumamosi wageni walimkuta Tajiri amesimama kwenye kiti kando ya lori, amevaa suti yenye mkono mmoja uliofumuliwa, kiganja kikiwa ndani ya boneti. Alihutubia kwa nusu saa. Alisema mwenye mali haachi mali yake. Wageni walipiga makofi, wakapiga naye picha, na mmoja akamwambia mkewe kwamba huyo ndiye mtu anayeipenda kazi yake.

Baada ya hapo maisha yakapangika. Meza ya Tajiri ilihamishiwa kando ya lori, ikainuliwa kwa matofali. Mkewe alimletea chakula na kumpangusa mdomo. Kinyozi alikuja kila mwisho wa wiki. Nyaraka alizisaini kwa mkono wa kushoto, na benki ikazoea. Picha ya Nusu ilibaki juu ya sinki. Kioo chake kilipopata ufa, Tajiri aliagiza kingine.

Rangi iliyouzunguka mkono ilikuwa inabanduka kwa jasho, na Mama Rangi ndiye aliyepewa kazi ya kuirekebisha. Kila Ijumaa alikuja na kopo dogo la kijani na brashi nyembamba. Kila Ijumaa aliuliza swali moja, "Nusu alikuwa amelewa?" Tajiri alijibu kwamba alikuwa amelewa. Basi alipaka, mkono mmoja juu ya mwingine, hadi kijani kikapanda mpaka kwenye kifundo.

Ijumaa moja ya joto, mafundi wakiwa wamewapa mgongo, Tajiri aliegemeza paji la uso kwenye bodi ya lori.

"Hakulewa," alisema, kwa sauti ya chini.

Rangi ilipasuka kando ya gumba. Gumba lake liliinuka, likajikunja, likanyooka. Tajiri alilitazama likicheza. Hakuwa amelichezesha tangu siku ile.

"Sasa sema wasikie," alisema Mama Rangi.

Tajiri aligeuka kuelekea sinki. Mafundi wanane walikuwa wamepanga foleni kunawa, Shemeji akiwa wa mwisho, na juu yao Nusu akitazama kutoka kwenye kioo kipya. Walikuwa karibu, asingehitaji hata kupaza sauti. Tajiri aliwahesabu. Akamwangalia kila mmoja, akarudi kwenye gumba lake, akawaangalia tena.

"Alikuwa amelewa," alisema.

Gumba lililala taratibu mahali pake.

Mama Rangi alifungua kopo, akakoroga, akakung'uta brashi ukingoni.

"Usitikisike, tajiri," alisema. "Rangi mbichi."