Matoazi Yasiyokuwepo

"Basi ioe hiyo kompyuta," Radi alimwambia binamu yake, akajikita kwenye kiti cha ngoma kama mtu mwenye hati ya kiwanja.

Binamu huyo, ambaye kila mtu alimwita Nyuzi kwa sababu ya gitaa lake, hakucheka. Alikuwa ameshaeleza, na akaeleza tena, kwamba hakuna aliyemfukuza mtu. Jukwaani Radi angebaki kuwa mpiga ngoma wao. Ni kwenye hii rekodi tu, ya kwanza ya bendi, ndipo mikono yake ingesikika lakini ngoma mbili za miguu zingepigwa na kompyuta, kila pigo sawa na mwenzake kama matofali ya kiwandani. Bendi nyingi za roki nzito hufanya hivyo. Nani angejua?

"Miguu yangu ingejua," alisema Radi.

Chumba kile zamani kilikuwa stoo ya magodoro, na kuta zake zilikuwa zimebandikwa sponji mpaka darini, hivyo hata ugomvi ulisikika kama unafanyika chini ya blanketi. Nyuma ya kioo, fundi wa sauti aligeuza skrini ili Radi ajionee. Alizungumza kwa upole, kama daktari wa meno anayejua jino litang'olewa tu. Mapigo ya zile ngoma mbili za miguu yalijipanga pale kama vijiti vya uzio. Tatizo lilikuwa mguu wa kushoto, ambao ndio Radi huanza nao. Katika kila hesabu ya moja hadi nne, pigo lake lililoangukia kwenye mbili na kwenye nne lilichomoza juu ya mengine, na kadiri alivyoongeza kasi ndivyo lilivyozidi kuchomoza. Mguu dhaifu, alisema fundi, huyumba hivyo.

Radi alikuwa na jibu mdomoni, tena la moto, lakini mlango ulifunguliwa kwa kiwiko.

Aliingia mama yake, mkoba begani na begi la vijiti mkononi. Yeye alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya jazi kwenye ukumbi wa hoteli, kazi aliyoianza Radi hajazaliwa, na alikuwa njiani kuiendea. Alikuja kuchukua kiti. Kiti alichokalia Radi kilikuwa chake, na hakuwa na nia ya kupiga jazi amechuchumaa. Alipowaona walivyonuna, akauliza nani kafa.

"Shikamoo, shangazi," alisema Nyuzi. "Hajafa mtu. Ni mguu tu unaumwa."

Mama akataka kuusikia huo mguu. Fundi akafungulia spika. Mama alifumba macho, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka mkoba ukamteleza begani.

"Mguu huu si dhaifu," alisema. "Mwanangu anafunga matoazi ambayo hayapo."

Akawaeleza, bila kupamba. Mpiga ngoma wa jazi, mguu wake wa kushoto huishi juu ya pedali ya matoazi mawili, na kazi yake ni kuyafunga, chwi, kwenye pigo la pili na la nne, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wahudumu wanapopanga viti. Radi alifundishwa hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Sasa chini ya mguu huohuo imewekwa pedali ya ngoma ya pili, lakini mguu haukupewa barua ya uhamisho.

Nyuzi akasema afadhali, maana ugonjwa ukishapata jina unatibika, na daktari alikuwa pale mezani, amechomekwa kwenye umeme.

Hapo ndipo mama alipomgeukia. Alimuuliza kama anajua hizo ngoma mbili anazojidai nazo zilitoka wapi. Aliyezibuni na kuzichora alikuwa mtu wa jazi, akiwa bado mwanafunzi, enzi za bendi kubwa zenye safu nzima za tarumbeta. Na walikuwepo wengine wa jazi walioutoa mwendo wa wimbo mguuni wakaupandisha kwenye toazi, mguu ukabaki huru kusema neno lake. "Bila watu hao," alisema, "wewe na roki yako mngekuwa bado mnapiga gwaride."

"Sawa, shangazi, lakini wazee hao hawakupiga kwa kasi hii."

Hilo mama alilikubali mara moja. Hata yeye asingeweza. Goti lake lingeacha kazi. Kisha akanyoosha mkono wa kudai kiti chake.

Radi aliinuka nusu, akasita. Wiki nzima alikuwa akiugombeza mguu wa kushoto na kuubana, na kila alipoubana wimbo ulipooza. Wa kulia hakuwahi kuufikiria. Na huo nao ulikuwa na somo lake la nyumbani: kuigusa ngoma kubwa kidogo sana, hata mpiga besi aisikie kwenye nyayo na mteja mezani asiisikie kabisa. Alipoingia kwenye roki alilitupa somo hilo, akawa anatwanga kwa miguu yote miwili. Vipi kama mguu wa kulia ungepunguza nguvu, na wa kushoto ukaachwa useme?

Akakaa tena.

"Nyuzi, gitaa lako linaangukia wapi?"

"Pigo la kwanza, kama la watu wote."

"Liangushe kwenye la pili na la nne. Fuata mguu wangu wa kushoto."

"Na isipokaa sawa?"

"Ntamwachia mkeo apige," alisema Radi, akaonyesha kompyuta kwa kidevu.

Nyuzi alijizuia, akashindwa, akacheka. Akavaa mkanda wa gitaa.

"Kiti changu," alisema mama.

"Baada ya wimbo, mama."

"Nitachelewa kazini."

"Utachelewa, ndiyo."

Mama aliweka begi la vijiti chini. Kisha akaketi juu ya spika ya gitaa, akapakata mkoba.

Radi akamwambia fundi aiondoe miguu ya kompyuta. Fundi akapendekeza aiweke pembeni, kwa dharura. Radi akasema hapana, afute. Fundi akamwangalia Nyuzi. Nyuzi alikuwa anakaza uzi na hakuinua kichwa.

"Bosi wa miguu ni yeye," alisema.

Fundi akafuta. Radi akainama, akalegeza kidogo springi ya pedali ya kulia, akavua shingoni hedifoni zenye mlio wa kuhesabu mapigo, akazitundika kwenye stendi. Taa nyekundu ikawaka. Aligonganisha vijiti mara nne, kisha akaingia kwa mguu wa kushoto.