Jezi ya Darlene Isiyofuliwa

Wiki tatu nzima Olga, chui milia jike, alijigaragaza, akaita, akapitisha mkia mbele ya wavu. Stanley, dume la kilo mia mbili, akageukia ukutani akalala. Gogo! Darlene Hnatyuk, mtunzaji wao katika ile bustani ndogo ya wanyama huko Saskatchewan, alijua kuwa harufu ndiyo humwamsha mnyama. Alishapuliza kila marashi waliyochangiwa na akina mama wa mjini, akanyunyiza mdalasini, akaweka hata samadi ya kondoo. Stanley akapiga chafya tu.

"Ijumaa gari linamchukua Olga," bosi wake, Murray, akamwambia. "Aliletwa hapa azae, Darlene, siyo kumlea huyo mvivu."

Olga alikuja amekonda, hagusi chakula mpaka Darlene akae karibu amwimbie. Leo aondoke hivi hivi? Moyo ulimuuma Darlene kweli.

Jumanne alifika kazini moja kwa moja kutoka mazoezini, akalibwaga begi lake la hoki ya barafuni kando ya wavu. Darlene alikuwa golikipa, na jezi yake haikuwa imeonja sabuni tangu Oktoba. Timu nzima haikufua: walishinda mechi ya kwanza, na tangu siku hiyo kufua ni kufukuza bahati. Mumewe alikuwa amelihamishia begi hilo gereji, kisha nje ya gereji.

Stanley akainua pua. Akasimama! Akaja akajisugua kwenye wavu, macho yamemlegea.

"Mungu wangu," akasema Murray, kaziba pua. "Hebu mpe Olga hiyo jezi."

"Wewe! Fainali keshokutwa! Kapteni ataninyonga."

"Basi muage Olga."

Darlene akaitupa jezi ndani. Olga akaigaragazia mgongo, mlango wa kati ukafunguliwa, na lile gogo likatoka mbio kama limeitiwa chakula. Kwa yaliyofuata, Murray aliamua kutazama mawingu.

Jezi ilipopatikana tena ilikuwa na mkono mmoja, na Stanley alikuwa ameikojolea kwa moyo wote. Brandi, yule kapteni, aliinusa akarudi nyuma hatua nne.

"We mwanamke, umefanya nini?"

"Niifue?"

"Thubutu! Utavaa hivyo hivyo."

Akavaa. Jamani! Washambuliaji wa upande wa pili walikuja wakiteleza kwa kasi, wakafika karibu na goli, wakageuka wenyewe huku machozi yanawatoka. Mabeki wa Darlene nao walicheza katikati ya uwanja mechi nzima. Mbili bila, na kombe likaja nyumbani.

Ijumaa asubuhi lile gari lilifika getini, na Murray akalirudisha tupu. Darlene alilia wazi wazi, hakujificha. Alipofuta macho akaona foleni: Brandi na timu nzima, kila mmoja na jezi yake mkononi.

"Tumekuja kwa Stanley," akasema Brandi. "Msimu ujao hatutaki kubahatisha."

Darlene akachungulia kwenye wavu. Stanley alikuwa amelala chali ubavuni mwa Olga, ule mkono wa jezi uko chini ya kidevu chake.

"Mtangoja sana," akawaambia. "Bwana harusi yuko fungate."