Kisima cha Titye Kilichotekenyeka

Jumanne moja ya Julai 2014, saa mbili asubuhi, Pelagia alikuwa kijijini Titye ameshika kamba, akisubiri kuambiwa avute. Alikuwa amepewa kibarua cha siku nne na Ghati, fundi wa maji aliyehamishiwa Kasulu kutoka Tarime. Bomba la inchi nne lilikuwa limeshazamishwa ardhini. Udongo wa kila mita ulifungwa kwenye mfuko wa nailoni wenye namba: mwekundu, mwekundu zaidi, kisha mfinyanzi wa kijivu ambao watoto walikuwa wameshauonja.

"Tutaanza kuchota lini, mtaalamu?" Pelagia aliuliza. Tangu alipoolewa, maji aliyafuata bondeni, saa nzima kwenda na kurudi.

"Kikitulia, Mama Niyibizi. Tunatoa tope, halafu napima kina mara tatu. Vipimo vikilingana, kazi imekwisha."

Kutoa tope ni kushusha bombani fimbo ndefu iliyofungwa kamba, yenye kizibo cha mpira, kuipandisha na kuishusha mpaka maji yatikisike. Pelagia alipoipandisha mara ya tatu, kisima kilicheka. Hakikucheka sana. Kilicheka kama mtu anayetekenywa kanisani.

"Kinatekenyeka," alisema Ghati, akaandika kwenye fomu.

"Hata mimi hapa ubavuni siguswi," alisema Pelagia, akaendelea na kazi.

Shida ilikuwa vipimo, kwa sababu maji yakicheka hupanda. Utepe wa kupimia, ambao hulia ukigusa maji, ulilia kwenye mita kumi na nne, kisha tisa, kisha mbili na nusu. Melkiadi, fundi baiskeli, alisimama akaeleza jinsi mbuzi wake alivyokula kadi ya mwaliko na kwenda harusini peke yake. Maji yalifurika yakamlowesha Ghati viatu. Ghati aliyapima hapohapo. Yalikuwa matamu, hayana chumvi wala harufu.

"Imana yanje, Mungu wangu! Melkiadi, nyamaza kitulie!" Pelagia alifoka. "Nataka maji mimi!"

"Kwani kisima mumeo, hata kisicheke na wengine?"

Kufikia Alhamisi nusu ya kijiji ilikuwa pale, na mwalimu alikuwa ameleta darasa la tano kwa kipindi cha sayansi. Ijumaa ikaja pikipiki na barua ya ofisini. Ghati aliisoma kwa sauti, kama utaratibu unavyotaka.

"Maji yameonekana kufaa kwa kunywa. Hata hivyo, kisima hiki ni cha kuchunguzia maji ya ardhini, hakikukusudiwa kutumiwa na wananchi. Kikishatulia, kifungwe kwa kufuli."

Kisima kilinyamaza. Ghati alishusha utepe: mita 14.20. Alisoma barua tena, akapima: 14.20. Mara ya tatu aliisoma taratibu, kama anayesoma wosia. 14.20.

"Kimetulia," alisema.

Pelagia, ambaye wiki nzima aliombea neno hilo, alikunja kamba akamrudishia. Kisha alionyesha tundu dogo ubavuni mwa bomba, chini ya kifuniko.

"Na hili?"

"La hewa. Lazima kipumue."

"Nalo litafungwa?"

Ghati aliigeuza barua, akaangalia na upande wa nyuma. "Haijasema."

Jumapili baada ya misa, kufuli likiwa limeshafungwa, Pelagia alitega ndoo, akainama kwenye tundu. Alikisimulia kisima habari za shemeji yake, aliyekwenda Manyovu kununua viatu, akarudi na viwili vya mguu wa kushoto, akajitetea kwamba ndivyo vilivyompendeza. Maji yalitoka kwa mchirizi mwembamba hadi ndoo ikajaa.

Tangu hapo ni kichekesho kimoja, ndoo moja. Kikirudiwa, hayatoki. Watu wa Titye sasa hupika huku wakiwaza vichekesho, na wagomvi wawili wamepatana ili wapate cha kusimulia. Kufuli halijaguswa. Katika taarifa zake Ghati huandika: hakuna mabadiliko.

Mwezi wa tisa alikuja Vestina, aliyekuwa amemzika mumewe wiki hiyo. Alisimama mbele ya tundu na ndoo yake, hana kichekesho. Foleni ilisubiri. Pelagia alimsogelea, akamnong'oneza kichekesho alichokuwa amejiwekea mwenyewe kwa siku hiyo.

Vestina alikisimulia vibaya. Alianzia mwisho, akasahau katikati. Maji, kwa adabu, yalijaza nusu ndoo.

Nusu iliyobaki waliifuata bondeni, yeye na Pelagia.